Kwenda Pwani Wakati wa Demani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama waliokutanika Nduguti)



Halmashauri ilitutuma watu watatu mwezi wa Oktoba twende Tanga na Pangani, tuangalie kama likizo ya mtumishi wa huku bara yaweza kutumika huko kwa faida, kisha turudi tuwaeleze tuliyoyaona. Leo twatimiza agizo hilo, na mwisho wa maneno yetu liko shauri mtakaloombwa kulipigia kura.

Kwanza tuseme habari za majira. Sisi wa Mkalama twajua majira mawili tu, mvua na kiangazi. Mvua huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na miezi iliyobaki ni vumbi. Watu wa pwani huhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Kisha huja masika pamoja na kusi, na kusi ikishika nguvu, Juni hata Agosti, bahari huchafuka na wenye ngalawa hukaa nchi kavu siku nyingi. Kusi ikilegea, kabla kaskazi haijashika, pana kipindi cha utulivu kiitwacho demani. Maji huwa maangavu, jua si kali kama la Februari, na mvua za vuli ama hazijaanza ama ndiyo kwanza zaanza. Watu wa Ulaya wapendao pwani za bahari ya Mediterania wana desturi kama hiyo: wenye busara hungoja Septemba na Oktoba, kwa kuwa wageni wa kiangazi wamekwisha kwenda zao, na bahari ingali na joto.

Na kwetu Oktoba ni mwezi gani? Alizeti na mtama vimekwisha kuvunwa, mvua haijanyesha, na jembe limelala. Mtumishi aondokaye wakati huo haachi shamba lake likimlilia.

Njia yenyewe ni ndefu lakini haina taabu kubwa. Tulitoka Nduguti hata Iguguno, tukashika njia kuu ya Singida, tukapita Katesh na Babati, tukalala Arusha. Siku ya pili tukapita Moshi, Same, Korogwe na Muheza, tukafika Tanga jua likichwa. Toka Moshi njia hufuatana na reli ya zamani, ambayo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911.

Wenzetu, kwa watu wa vyama kama hiki, Tanga si mji wa pwani tu. Mwaka 1922, mjini humo, Bwana Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Walikuwa makarani na walimu wa makabila mbalimbali, Waislamu na Wakristo, waliotaka mahali pa kusoma magazeti, kuzungumza kwa adabu, na kutetea haki za kazi zao. Mwaka 1929 watu wa namna hiyo waliunda African Association huko Dar es Salaam, na mizizi ya siasa ya nchi hii yatoka huko. Tulitembea kati ya majengo ya kale ya mji, karibu na bandari, tukawaza kwamba desturi yetu hii ya kukutanika na kusomeana hotuba ilianza pale.

Asubuhi tukashika njia ya Pangani. Kusini ya Tanga ni Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Wengi wetu twamjua kwa vitabu; wachache hukumbuka kwamba alikuwa karani mwenzetu. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akakaa humo hata mwaka 1944, na Pangani palikuwa mojawapo ya vituo vyake. Mbele kidogo ni Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Kisha ni minazi na mkonge, mkonge na minazi, hata mto.

Hapo kwenye mkonge hatuna budi kusimama kidogo. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Mdachi, Dakta Richard Hindorf. Katika miche elfu moja aliyoiagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyosalia hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa miche hiyo michache mashamba yalienea, hata mwaka 1964 nchi yetu ikatoa kiasi cha tani 230,000. Na mikono iliyokata majani hayo mingi ilitoka bara, Singida ikiwamo. Wanyiramba na Wanyaturu walishuka kwa mikataba, wakitafuta fedha ya kodi na nguo. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu hao wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alijulikana kwa namba, si kwa jina la babaye. Nasi tusisahau kwamba namba haijiandiki yenyewe. Aliyeshika kalamu mara nyingi alikuwa karani, mtu wa kazi kama yetu.

Sokoni Pangani tulimwamkia mzee mmoja auzaye nazi. Aliposikia tumetoka Mkalama aliweka kisu chini, akatuita wanawe, akatusemesha Kinyiramba kilichochanganyika na lafudhi ya pwani. Babaye alishuka kukata mkonge, naye alizaliwa kambini. Bara hajapata kuiona. Alituuliza neno moja: je, garimoshi lingali likifika Kinyangiri? Ndipo babaye alipopandia. Tulimjibu kwamba tawi lile la kutoka Manyoni, lililojengwa miaka ya 1930, lilifungwa mwaka 1947 na reli zake zikang'olewa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo sababu hakurudi." Hatukuweza kumjibu, kwa maana sababu za mtu kutorudi kwao ni nyingi, lakini tulinunua nazi zake, tukaandika jina la babaye na la ukoo wake, nalo tumekuja nalo.

Tuliona na mengine. Tuliona Mto Pangani, wenye maji ya Kilimanjaro na Meru, ukiingia baharini taratibu. Tulikumbuka kwamba katika mji huo, Desemba 1889, Wadachi walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyewapinga kwa silaha. Jioni tuliogelea, maji yalikuwa vuguvugu, na mchanga haukuwa na watu wengi.

Sasa tujibu manung'uniko tuliyokwisha kuyasikia. Wako wasemao bahari ni ya wageni na matajiri. Twajibu kwamba waliotutangulia walishuka kwa mzigo kichwani, kwa mkataba, au kwa barua ya uhamisho. Kushuka kwa nauli yetu na kwa hiari yetu si kiburi. Wako wasemao likizo ni ya wazazi. Ni kweli, lakini sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku zisizopungua 28, na safari yetu ilikula saba. Wako wasemao Oktoba iko karibu mno na Januari, na watoto wataka sare na mahitaji ya bweni. Neno hilo ndilo zito kupita yote, wala hatulidharau. Mwenye mtoto wa kupelekwa shule Januari na aiache zamu yake ipite, akiba yake imngoje.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, uwe mfuko wa safari, kila apendaye atie kidogo kidogo tangu Januari hata Septemba. Pili, waende watatu kila mwaka, kwa kufuata orodha ya likizo, ili ofisi isibaki tupu. Tatu, kila watakaokwenda wachukue daftari lenye majina ya wazee wetu walioshuka kukata mkonge wasirudi, waulize habari zao Muheza, Korogwe na Pangani, na wakirudi wasome majibu mbele ya mkutano. Daftari la kwanza liko mezani kwa Mwandishi. Jina moja limekwisha kuandikwa, na ukoo wake u hapa wilayani. Mwenye jina la babu yake na asogee aliandikishe kabla ya kura.