Juu ya Shule Zetu na Wale Wanaostahili Kusifiwa

Hotuba iliyosomwa mbele ya machifu, walimu na wazee wa nchi ya Mara



Nimepewa kazi ya kusema habari mbili. Ya kwanza ni habari za shule zetu za umma jinsi zilivyo sasa. Ya pili ni habari za watu wanaostahili kusifiwa kwa ajili ya shule hizo. Desturi yetu ni kuzitenga habari hizi. Ile ya kwanza husomwa upesi, watu wakipiga miayo; ile ya pili hungojwa kwa hamu, kwa kuwa kila mtu ataka kusikia jina la mtoto wake. Lakini mimi naona ya kuwa ni habari moja, nami nitajaribu kuwaonyesha kwa nini nasema hivyo.

Wahenga walisema, Chanda chema huvikwa pete. Neno hili ni la kweli, nasi hulitumia kila mwaka tunapowapa zawadi watoto waliotangulia katika mtihani. Walakini yafaa tulifikiri vizuri. Pete haijivishi yenyewe. Hapana budi awepo kwanza mtu aliyekitazama kile chanda, akaona kuwa ni chema, nacho hakijavikwa kitu cho chote. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsema leo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta, maana habari yake ilitokea hapa hapa kwetu. Mtemi Burito wa Wazanaki alikuwa na mtoto jina lake Kambarage, aliyezaliwa mwaka 1922, akakaa nyumbani Butiama akichunga kama watoto wenziwe. Husimuliwa ya kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, aliyekuwa rafiki wa baba yake, alicheza bao na mtoto huyo akastaajabia akili zake. Hakuishia kustaajabu tu. Alimshauri Burito ampeleke mtoto shuleni. Basi mwaka 1934, mtoto akiwa na umri wa miaka 12, akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 hivi kutoka kwao. Mafunzo ya miaka minne akayamaliza kwa miaka mitatu. Mwaka 1937 akaingia shule ya Serikali ya Tabora, mwaka 1943 akaenda Makerere, na mwaka 1952 akapata shahada yake katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi yetu ilipopata uhuru, yeye ndiye aliyekuwa akiiongoza. Huyo ni Mwalimu Julius Nyerere.

Sasa tuulize, sifa hii ni ya nani? Ni ya mtoto mwenyewe, hapana shaka. Ni ya baba yake pia, aliyekubali kupungukiwa na mkono mmoja nyumbani. Ni ya walimu wake, na miongoni mwao James Irenge, aliyemfundisha hapo Mwisenge. Lakini wa kwanza katika hesabu hiyo ni Makongoro. Wakati ule mtoto alikuwa hajui kusoma hata herufi moja. Mtihani wake wote ulikuwa ubao wa mchezo. Makongoro alimsifu kabla hajashinda neno lo lote mbele ya watu, na sifa yake haikuwa maneno matupu, bali ilikuwa ni shauri lililompeleka mtoto njiani.

Wazee wangu, habari hii ina upande wa pili, nao una uchungu. Katika miaka ile ile walikuwapo watoto wengi wa Wazanaki, Waikizu, Wakurya, Wajita na Wajaluo, wenye akili kama hizo, ambao baba zao hawakuwa watemi wala hawakutembelewa na watemi. Walichunga mpaka wakazeeka. Na wasichana je? Ni nani aliyeketi kucheza bao na msichana ili ajue akili zake? Bahati ya mtoto mmoja ni jambo jema, lakini haiwezi kuitwa haki ya watoto wote.

Hata ilipofika Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana papa hapa Musoma, ikakata shauri ya kuwa kila mtoto wa umri wa shule apate elimu ya msingi kabla ya kwisha Novemba 1977. Ndilo lile Azimio la Musoma. Tangu mtoto wa Burito alipoingia Mwisenge ilikuwa imepita miaka 40, na mji ni ule ule.

Kazi hiyo ilikuwa nzito. Madarasa hayakutosha, na watoto wengi walisoma chini ya miti. Walimu nao hawakutosha, ikawa kuchukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza kazi huku wakiifanya. Watu wakawacheka, na jina la “mwalimu wa UPE” likageuka kuwa tusi. Mimi nasema hatukuwatendea haki. Ni kweli mafunzo yao yalikuwa mafupi. Lakini wazee wengi wanaoweza leo kusoma barua na kutia sahihi yao badala ya alama ya dole, kalamu walishikishwa na vijana hao. Kama wako kati yetu hapa, wajue ya kuwa twawashukuru, ingawa tumechelewa.

Sasa nisome habari za shule kwa mujibu wa sheria na maagizo. Tangu Januari 2016 shule za umma hazitozi ada kutoka elimu ya msingi mpaka kidato cha nne. Na mwaka 2022 ada ikaondolewa pia katika kidato cha tano na cha sita. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilibadilishwa, ikawa ni kosa kumwoza au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au kumtia mimba, na anayemtia mwanafunzi mimba hupasiwa kifungo cha miaka 30. Novemba 2021 Serikali ilitangaza ya kuwa mwanafunzi aliyekatiza masomo, hata kwa sababu ya kuzaa, ana ruhusa ya kurudi shuleni. Na Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari.

Basi mlango u wazi kuliko ulivyopata kuwa zamani zote. Lakini mlango ulio wazi hauiti mtu kwa jina. Ada imeondoka, ila sare, madaftari na chakula cha mchana vyataka fedha za mzazi. Ng'ombe wangali wanataka mchungaji, na dagaa wa ziwani wangali wanataka mikono ya kuwaanika. Sheria yaweza kumfunga mtu aliyemharibu mtoto; haiwezi kumwamsha mtoto asubuhi na kumwambia, Nenda, nami nitaifanya kazi yako.

Nimekuja sasa kwenye habari ya sifa. Zamani matokeo ya mitihani yalipotangazwa, Baraza la Mitihani la Taifa lilikuwa likitaja shule kumi zilizotangulia na wanafunzi kumi waliotangulia. Mwaka 2023 likaiacha desturi hiyo. Wako walionung'unika, wakasema ushindani umeuawa. Mimi nisingenung'unika. Shule yenye mabweni, umeme na maktaba ilikuwa ikipimwa pamoja na shule ya kijijini ambayo mtoto huifikia akiwa amechoka na njaa. Ni sawa na kushindanisha watu wawili mbio za kufika bandari ya Musoma, mmoja akianzia Bweri na mwingine akianzia Butiama, kisha tukampa zawadi aliyefika kwanza bila kuuliza alikotoka.

Lakini Baraza kuacha kutaja majina si kusema hakuna tena wa kusifiwa. Maana yake ni kwamba kazi hiyo imerudi kwetu sisi tunaoijua njia ya kila mtoto. Mcheza kwao hutunzwa. Kwa hiyo naomba katika mikutano yetu ya mwisho wa mwaka tuwakumbuke watu wa namna nne.

Kwanza ni mtoto asiyekosa shule. Mwalimu mkuu afungue daftari la mahudhurio, asome jina la yule aliyekuja mvua na jua, hata kama katika mtihani alikuwa wa ishirini. Ama msichana aliyerudi baada ya kuzaa, huyo tusimsimamishe mbele ya watu mpaka akaona haya. Sifa yake ni kupokewa kwa upole, kupewa dawati lake, na kuitwa mwanafunzi kama wenziwe.

Pili ni mzazi aliyekataa mahari. Twafahamiana, wazee. Mtu aletewapo ng'ombe naye binti yake yungali darasani, akakataa, majirani humcheka na ndugu humkasirikia. Amekosa mali aliyoiona kwa macho yake. Tukinyamaza, cheko lile ndilo litakalokuwa hukumu ya kijiji. Mamlaka ya machifu katika Serikali yalikoma mwaka 1963, lakini neno la chifu lingali na uzito barazani; basi lisemwe kwa ajili ya mtu huyu, na lisemwe kwa sauti.

Tatu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Mtoto afauluye darasa la saba, shukrani humwendea mwalimu aliyemfundisha mwisho. Tumesahau yule aliyemshika kidole akachora naye herufi, katika darasa lililojaa watoto kuliko madarasa yote.

Nne ni mtu amfuataye Makongoro, aliyemwona mtoto malishoni au pwani ya ziwa, akaenda kwa wazazi wake akasema nao mpaka mtoto akaandikishwa. Si lazima awe chifu. Aweza kuwa mwenye duka, au bibi mwuza samaki. Huyu jina lake liandikwe katika kitabu cha shule, ili watakaokuja baadaye walisome.

Labda mtu atasema, Sifa hazijengi darasa. Ni kweli. Lakini kijiji huzidishiwa kile kinachokisifu. Tukishangilia arusi kwa wingi wa ng'ombe, tutapata arusi nyingi za watoto. Tukimshangilia aliyekataa, mwaka ujao mwingine atapata moyo wa kukataa. Ndiyo sababu nilisema habari za shule na habari za sifa ni habari moja. Kwa maana sheria na maagizo niliyoyasoma yatabaki karatasi, isipokuwa wapo watu wanaoheshimiwa kwa kuyatimiza.

Basi, wazee wangu, sina mengi zaidi. Shule hufunguliwa Januari. Kabla ya mwezi huo kila mmoja wetu na atazame katika kaya yake na kaya ya jirani yake, amtafute mtoto mmoja tu aliyefikia umri wa shule naye hajaandikishwa, akaseme na wazazi wake. Akiona neno gumu, na amwendee mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kijiji. Na tutakapokutana tena, tuulizane majina.