Samaki bapa wa kaskazini: nini maana ya nyavu kupungukiwa?

Msikilizaji, wavuvi wa Pwani ya Afrika Mashariki wanamfahamu gayogayo, samaki bapa alalaye mchangani kwa ubavu mmoja, macho yake yote mawili yakitazama juu. Katika bahari za kaskazini, jamaa zake wamekuwa mali ya kugombewa na mataifa.

Mwezi Machi mwaka 1995, Canada iliikamata meli ya Uhispania, Estai, nje ya maili 200 za eneo lake la uvuvi. Kisa kilikuwa halibuti wa Greenland. Canada ilidai kwamba wavu wa meli hiyo ulizoa hata samaki wachanga. Uhispania ilijibu kuwa bahari kuu si milki ya nchi moja. Mwaka huohuo, uvuvi wa plesi katika kina kifupi cha Grand Banks, karibu na Newfoundland, ulipigwa marufuku. Bandu bandu humaliza gogo: miongo mitatu baadaye, samaki hao hawajarejea kama zamani.

Upande wa Pasifiki, Canada na Marekani zilitia saini mkataba wa halibuti tangu mwaka 1923. Hata hivyo, kikomo cha jumla pekee hakikutosha. Huko Alaska, kila chombo kiliwahi chake, hata msimu ukawa wa siku moja au mbili tu, na mabaharia wakaikabili dhoruba kwa kuhofia kukosa. Mwaka 1995 kila mwenye chombo alipewa fungu lake, na msimu ukarefuka kuwa wa miezi.

Katika Bahari ya Kaskazini, Umoja wa Ulaya ulianzisha mpango wa kuwalinda plesi na soli mwaka 2007. Plesi waliongezeka sana, lakini shehena bandarini hazikuongezeka vivyo hivyo. Julai 2021 nyavu za umeme, zilizotumiwa zaidi na Waholanzi, zilipigwa marufuku. Mwaka 2022 bei ya mafuta ikapanda, na baadhi ya wenye meli wakakubali fidia ya serikali ili zivunjwe.

Kwa hiyo, msikilizaji, takwimu ya samaki walioletwa bandarini haijitoshelezi. Newfoundland ilipungua kwa sababu samaki walitoweka. Uholanzi imepungua huku wavuvi wenyewe wakiondoka. Serikali isiyotofautisha mambo hayo mawili itatoa dawa ya ugonjwa mwingine.