Nyumba Bila Ardhi, na Meza ya Upatanishi
Msikilizaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo twazungumzia ugomvi tuujuao sote: nyumba bila ardhi. Nyumba ya marehemu baba, kiwanja cha mwingine, kodi imepandishwa, na warithi wenyewe hawasikizani.

Kabla kesi haijakula miaka na akiba yako, kuna upatanishi. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinaitaka mahakama iuhimize, na tangu 2016 Idara ya Mahakama ina mpango wake rasmi. Mpatanishi si hakimu, haamui. Mnaketi naye, risiti za kodi mezani, kila mmoja aseme yake. Mnayoyasema hapo hayageuzwi ushahidi kortini. Muda ni siku 60, na huweza kuongezwa. Mkikubaliana mnatia saini makubaliano, na mahakama ikiyapokea yana nguvu ya amri. Basi someni kila mstari kwanza, tafadhali. Mkishindwana, kesi inaendelea.

Ila upatanishi si wa kila ugomvi wa familia: anayepigwa nyumbani asishurutishwe kuketi na aliyempiga. Huyo aende polisi.

Kama kesi yako tayari iko kortini, mwombe naibu msajili aipeleke kwa mpatanishi.