Jenereta ya Kituo cha Afya Isilale
Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na sehemu zilizobaki gizani kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka.

Mara nyingi tatizo si injini, ni betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikishuka chini ya 12.4, ichajiwe siku hiyo hiyo.

Kila mwezi iwasheni nusu saa ikibeba mzigo: friji ya chanjo, taa za chumba cha kujifungulia. Kuinguruma bure, kama wengi wanavyoiacha, huiharibu. Dizeli haiungui yote na masizi hujaa kwenye ekzosi. Vumbi la Kajiado nalo huziba chujio la hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Maji yaliyotuama chini ya tangi yatolewe kabla ya kuwasha.

Na msiiunganishe na nyaya za jengo bila swichi ya kubadilishia: stima ikirudi kwenye laini, humuua fundi aliye juu ya nguzo.