Mashariki ya Nani? Kiswahili na Jina "Mashariki ya Kati"

Kwa vipimo vya longitudo, mji wa Beirut uko magharibi ya Mombasa, na Kairo iko magharibi zaidi. Hata hivyo, mtangazaji wa Mombasa asomapo taarifa ya habari huihesabu miji yote miwili kuwa ya Mashariki ya Kati, na hakuna msikilizaji anayeshangaa. Mashariki hiyo haipimwi kutoka pwani ya Afrika.

Ilipimwa kutoka London. Mnamo mwaka 1902 Alfred Mahan, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alilitumia jina hilo katika jarida la huko alipoandika juu ya Ghuba ya Uajemi na ulinzi wa njia ya kuendea India iliyotawaliwa na Waingereza. Valentine Chirol akalieneza katika gazeti la The Times. Wakati huo dola ya Waturuki ilikuwa Mashariki ya Karibu, na China Mashariki ya Mbali: vituo vitatu vilivyohesabiwa na msafiri atokaye Ulaya. Kiswahili kilivipokea vyote kwa tafsiri ya neno kwa neno.

Si kwamba Kiswahili kilikuwa na uhaba wa majina. Kilikuwa na Manga, yaani Arabuni, hasa upande wa Omani, jina linaloishi hadi leo katika pilipili manga. Kilikuwa na Uajemi na Shamu. (Shamu nayo ina msimamo wake: katika Kiarabu huhusishwa na mkono wa kushoto, kama Yemen ihusishwavyo na mkono wa kulia, kwa mtu wa Hijazi aliyeelekea macheo. Wakoloni hawakuwa wa kwanza kuutaja ulimwengu kwa kuanzia walipo.) Ajabu kubwa zaidi imo katika neno kaskazini. Neno hilo limetokana na kaskazi, upepo uliosukuma majahazi kutoka Manga hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Lugha iliyoupa upande huo jina la upepo utokao Arabuni, leo huiweka Arabuni mashariki.

Waarabu wenyewe wamelikubali jina hilo: gazeti la Asharq Al-Awsat lilianzishwa mwaka 1978, tena London. India, kwa upande wake, hutumia Asia Magharibi katika shughuli za kiserikali. Jina hili lingewafaa waandishi wa vitabu vya jiografia vya Kiswahili, ila linaiacha nje Misri, ambayo sehemu yake kubwa imo Afrika, na wasomaji wa magazeti wamekwisha kuzoea kuikuta katika kundi hilo.