Kufunga Mshono wa Bati kwa Mashine: Vurra Tuanzie Wapi?

Mafundi wenzangu wa Vurra, Arua na Koboko. Mada niliyopewa ni mashine za kufunga mishono ya dakti, yaani mabomba ya hewa ya bati, ya pembe nne, yanayopita juu ya dari za hospitali na hoteli. Ninapoelekea nitapataja mapema: mashine ya kufunga mshono iwe ya mwisho kununuliwa.

Kukunja bati si kazi ngeni kwetu. Masanduku ya wanafunzi wa bweni hufungwa kwa mikunjo na nyundo. Na waliolima tumbaku hapa kwetu West Nile, Uganda, wanayajua mabomba ya bati yanayolazwa sakafuni katika banda la kukaushia: tanuri liko nje, joto linapita ndani ya bomba, moshi unatokea kwenye dohani. Mshono ukivuja, moshi unashika majani na bei inaanguka. Hasara ya mshono mbovu, basi, wakulima wetu waliionja zamani.

Tuutazame mshono wenyewe. Unaotumika sana kwenye mabomba ya pembe nne huitwa Pittsburgh. Ukingo mmoja wa bati hukunjwa na kurudiwa mpaka ufanye mfuko mwembamba, na juu ya mfuko hubaki ulimi uliosimama wa milimita 6 hivi. Ukingo wa pili hukunjwa mara moja tu, nyuzi 90, nao ni milimita 6 au zaidi kidogo. Huo wa pili huzamishwa mfukoni, kisha ulimi hulazwa juu yake. Kuulaza huko ndiko kufunga.

Wengi wetu tunaulaza kwa nyundo ya mkono. Mwenye kompresa hutumia nyundo ya upepo. Mashine yenyewe ina mkono mrefu wa chuma unaovishwa bomba. Rola ya kwanza inauinamisha ulimi, ya pili inaulaza kabisa, na kazi inakwisha kwa pito moja bila kishindo. Viwanda vikubwa huanzia kwenye koili: bati linanyooshwa, linakatwa, linakunjwa na kufungwa katika mstari mmoja. Na kuna waliolikwepa suala zima kwa bomba la mviringo, ambalo utepe wa bati, kwa kawaida wa milimita 137, huzungushwa kama ukili unaposhonwa kuwa mkeka, kingo zikikunjana na kubanwa humo humo.

Tatizo la kuacha nyundo na kuhamia mashine ni kwamba nyundo inasamehe. Mfuko ukiwa umebana, fundi anaupanua kwa bisibisi. Ukingo ukiwa milimita 8 hapa na 5 pale, anajua wapi agonge kwa nguvu na wapi abembeleze. Rola haina macho. Ukingo ukiwa mfupi, haushikwi na mfuko. Ukiwa mrefu, unagota chini kabla bati halijakaa, na ulimi haufiki unapotakiwa kulala. Rola inapita vilevile. Kwa nje utaona mstari umenyooka, unapendeza, na ndani uko wazi. Hayo utayagundua bomba likishapandishwa darini na feni ikawashwa, na wakati huo mteja amesimama chini anakutazama.

Kwa hiyo anayekunja kwa mkono akanunua mashine ya kufunga amejinunulia njia ya haraka ya kutengeneza mavujo. Kinachotangulia ni mashine ya rola ya kukunja mfuko, ambayo hutoa mkunjo uleule tangu mwanzo wa bati hadi mwisho. Mota ya kilowati 1.5 hivi inatosha kwa bati jembamba, na mara nyingi kompresa ya nyundo ya upepo inakula umeme zaidi ya hapo. Umeme nao tuuhesabu kwa makini. West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu, na karakana ya kando ya barabara ya mpakani bado inahitaji jenereta pembeni.

Kabla hata ya mashine, kuna mshono unaoweza kufutwa kwa kalamu. Chukua bomba la milimita 700 kwa 450. Mzunguko wake ni milimita 2,300. Ongeza 25 za mfuko na 6 za ukingo, unapata 2,331. Bati la futi nane lina milimita 2,440. Bomba zima linatoka kwenye bati moja, kwa mshono mmoja! Lakini wengi wetu tunakata vipande viwili vya umbo la L, tunafunga mishono miwili, halafu tunalalamika kwamba kufunga kunachukua muda. Kinachotushinda hapo ni kukosa benchi la kukunjia lenye urefu wa kutosha.

Masikio nayo yasisahauliwe. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza sauti isizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15. Nyundo juu ya bati tupu ndani ya karakana iliyoezekwa bati inafika huko bila shida. Hii ndiyo hoja pekee inayoweza kunifanya niipe mashine ya kufunga nafasi ya mbele, na mpaka hapo vizibo vya masikio vinagharimu kidogo sana.

Ombi langu kwenu ni moja. Karakana tatu au nne zichange, zinunue benchi refu la kukunjia na mashine moja ya rola ya kukunja mfuko, ziviweke mahali pamoja, na kila mmoja alipie kwa mita anayokunja. Mkiona mikunjo imetoka sawa kwa msimu mzima na oda za dakti zinaendelea kuja, hapo tuitane tena tuzungumze bei ya mashine ya kufunga.