Kodi ya Nyumba Yenye Mgogoro: Nani Aishike Kabla ya Hukumu?



Nimepewa nizungumzie kodi ya pango pale watu wawili au zaidi wanapodai nyumba moja. Naanza na msimamo wangu ili mpate muda wa kuupinga: mashauri mengi ya nyumba mijini hucheleweshwa na kodi kuliko ugumu wa ushahidi. Mmoja wa wanaogombana anaipokea kila mwezi, na mtu wa namna hiyo hana haraka ya hukumu. Shauri likiahirishwa, yeye ameongezewa mapato. Wakili wake analipwa kwa fedha hiyo hiyo, huku mwenzake akikopa nauli ya kufika barazani. Ndiyo maana nasema swali la nani ashike kodi lisingoje swali la nani mwenye nyumba. Liamuliwe siku za mwanzo kabisa.

Mpangaji aliye katikati

Tumchukue mwenye duka katika fremu ya Kariakoo. Amelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi yetu. Kabla muda haujaisha anatokea mtu na nakala ya hati: "Kuanzia sasa unanilipa mimi." Yule wa kwanza naye anapiga simu: "Ukimpa huyo hata shilingi, naja na kufuli langu." Mpangaji huyu hana ugomvi na yeyote, ila anaweza kulipa mara mbili au kutupiwa bidhaa nje.

Sheria ya Ushahidi imemwekea pa kuanzia. Wakati upangaji ukiendelea, mpangaji haruhusiwi kukana kwamba aliyempangisha alikuwa na haki juu ya nyumba siku upangaji ulipoanza. Kwa lugha ya mtaani, aliyekuingiza ndiye unayemlipa, mpaka mahakama iamue vingine au yeye mwenyewe akukabidhi kwa mtu mwingine. Jibu hili linamuudhi mwenye haki aliyedhulumiwa, na namwelewa. Lakini bila kanuni hiyo, kila mwenye karatasi yenye mhuri angeweza kuzunguka mlango kwa mlango akigeuza wapangaji, na karatasi zenye mihuri mjini hazijawahi kuwa adimu.

Iko njia nyingine ambayo haitumiki sana. Sheria ya Mwenendo wa Madai inamruhusu mtu anayeshikilia fedha inayodaiwa na zaidi ya mmoja kufungua shauri la kuwataka wadai washindane wenyewe mbele ya mahakama. Anaeleza kwamba yeye hana maslahi katika fedha hiyo zaidi ya gharama zake, kwamba hajala njama na upande wowote, na kwamba yuko tayari kuiweka mahakamani. Akiisha kuiweka, mahakama inaweza kumwondoa katika ugomvi.

Hapa wasaidizi wa kisheria wawe waangalifu. Mpangaji hawezi kutumia njia hiyo kumshindanisha mwenye nyumba wake na mtu baki. Anaweza tu pale wanaodai wanapitia kwa mwenye nyumba huyo huyo, kwa mfano warithi wake, au watu wawili aliowauzia nyumba moja. Aliyeibuka na madai ya hati ya zamani isiyomhusu kabisa mpangishaji, huyo afungue kesi yake mwenyewe na aombe amri kuhusu kodi.

Risiti zisizothibitisha umiliki

Nipite haraka kwenye jambo moja linalotupotezea muda sana. Wadai hutuletea bahasha za risiti: kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo, kodi ya zuio. Risiti inaonyesha nani alilipa. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mara nyingi mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeilipa, wala hakuna anayemwita mwenye nyumba. Mpangaji wa biashara anayekata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA naye atunze stakabadhi zake, kwani atakayeshinda atadai kodi nzima na itabidi aonyeshwe asilimia hiyo ilikwenda wapi.

Mahali pa kuiweka

Maombi mengi ya zuio la muda ninayoyaona yanataka nyumba isiuzwe, isibomolewe, na wakazi wasiondolewe. Kodi inasahauliwa. Zuio linatolewa, nyumba inabaki ilipo, na anayekusanya anaendelea kukusanya kwa baraka za amri hiyo. Mwombaji aongeze ombi moja tu: kodi iwekwe mahakamani, au mahakama iteue mtu wa kuipokea, kulipia matengenezo ya lazima na kuleta hesabu kwa tarehe zinazojulikana.

Mabaraza ya kata, tangu marekebisho ya 2021, kazi yenu ni usuluhishi, na shauri lisiposuluhishwa ndani ya siku 30 mdai anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo wajumbe waliokata tamaa kwa kupokonywa mamlaka ya kuamua. Mimi naona mna nafasi nzuri zaidi kwenye hili la kodi kuliko mliyokuwa nayo awali. Watu wasioweza kukubaliana kamwe juu ya umiliki hukubaliana kufungua akaunti moja benki yenye sahihi za wote wawili, kwa kuwa kila mmoja anaamini itakuwa yake. Andikeni makubaliano hayo kikao cha kwanza: akaunti ipi, matumizi gani yanaruhusiwa, na wapangaji wote wapewe nakala.

Hesabu baada ya hukumu

Kama kodi haikuwekwa popote, mshindi anaweza kudai mapato ya kipindi alichozuiliwa mali yake. Sheria inahesabu kile ambacho mkaliaji asiye halali alikipata, au ambacho angekipata kwa uangalifu wa kawaida, pamoja na riba. Haihesabu mapato yaliyotokana na maendelezo aliyoyafanya yeye.

Tuseme nyumba ina fremu nne, kila moja 300,000 kwa mwezi, na ilikaliwa isivyo halali miezi 36. Hizo ni 43,200,000. Mkaliaji aliiacha fremu moja wazi miezi kumi kwa uzembe: 3,000,000 zake zinabaki ndani ya hesabu, maana angeweza kuipangisha. Alijenga fremu mbili mpya kwa fedha yake, zikaingiza 14,400,000 kwa miezi 24: hizo haziingii. Wengi wanaoshinda hupeleka dai la jumla bila mchanganuo, kisha wanashangaa kupewa kidogo.

Kwa Waislamu wa mwambao, fiqhi nayo imezungumza. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani yetu na Zanzibar, aliyepora mali hulipa thamani ya manufaa yake kwa muda wote alioishika. Wahanafi kwa kawaida hawamtozi, isipokuwa mali ikiwa ya wakfu, ya yatima, au iliyoandaliwa kwa kupangishwa. Nyumba ya fremu, basi, inaangukia mahali pamoja kwa madhehebu yote mawili.

Mirathi

Nimeiweka mwisho, ingawa pengine ndiyo inayojaza meza zenu. Baba amefariki, kaka mkubwa anapokea kodi, wadogo wananung'unika. Mara nyingi wanapelekwa baraza la ardhi, na huo ni mlango usio wao. Waende Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi, kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezo wa kudai na kudaiwa kwa niaba ya marehemu. Ndani ya miezi minne anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu, kwa fomu namba V na VI. Kodi iliyopokelewa tangu msiba ionekane humo, hata kama kaka ndiye msimamizi. Na kama mjane anaishi chumba kimoja ndani ya nyumba hiyo, asidaiwe pango na watoto wanaogombana. Nimeona likijaribiwa, na ni aibu.

Naomba kila baraza lililowakilishwa hapa liandae mfano wa makubaliano ya kutunza kodi, ukurasa mmoja unatosha, na lianze kuutumia kwenye mashauri yaliyo mezani sasa.